Gari la Zamani Lililoachwa Njiani: Ununue Land Rover, Beetle au Peugeot 504?

Gari la zamani ambalo mwenyewe ameshindwa kulimaliza huuzwa kwa sura mbili. La kwanza limekufa likiwa zima: liko chini ya mwembe, matairi yamekwisha upepo, kuku wanatagia kiti cha nyuma, lakini kila kitu kiko pale kilipofungwa kiwandani. La pili limefunguliwa: bodi ina rangi mpya inayong'aa, injini iko kwenye kona ya gereji chini ya turubai, na vilivyobaki vimo kwenye ndoo na maboksi. Mwenye gari la pili atakwambia kazi kubwa imeshafanyika, bado kufunga tu.

Kufunga ndiyo kazi kubwa. Kifaa kilichoharibika kinakuonyesha ukubwa wake, matundu yake na upande kinapokaa. Kisichokuwepo, kwanza inabidi ujue kwamba kilikuwepo. Kwa hiyo bei zikikaribiana, mkweche wa chini ya mwembe ndio wa kuchukua, na rangi mpya isikupandishe bei hata kidogo, maana hujui imefunika nini. Ila jibu hilo halina uzito sawa kwa kila gari. Tunalinganisha hapa magari matatu ambayo bado yanaonekana uani na kwenye gereji za Kenya na Tanzania yakiwa juu ya mawe: Land Rover Series III (iliyotengenezwa 1971 hadi 1985), Volkswagen Beetle, na Peugeot 504.

Kutu kwanza, injini baadaye

Watu wengi huanza kwa kufungua boneti. Anza kwa kulala chini. Injini hutolewa ikapelekwa kwa fundi; chuma kilichooza ni lazima kishughulikiwe pale kilipo.

Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, na hapo ndipo wanunuzi wanapodanganyika: milango na mabawa yako safi, wanadhani gari lote liko hivyo. Chini kuna chasisi ya chuma yenye umbo la boksi, na huoza kuanzia ndani. Chukua nyundo ndogo ugonge kila baada ya sentimita 10, ukianzia boriti ya nyuma kabisa, kisha mikono inayotoka pembeni kushika ukuta wa mbele, kisha sehemu zinazoshikilia springi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti iliyokufa, kama unagonga mbao mbichi, na vipande vya kutu unavisikia vikimwagika ndani ya boksi. Pale ingiza bisibisi. Ikizama, umejua.

Ubaya zaidi ni chasisi iliyokwisha kuwekewa viraka. Bati jipya juu ya bati bovu linafungia maji katikati, na baada ya misimu michache ya mvua una mabati mawili mabovu. Ukikuta viraka vitatu kwenda juu, hesabu kwamba unanunua gari lisilo na chasisi. Hilo si mwisho wa dunia: viwanda vya Uingereza bado vinatengeneza chasisi mpya za Series zilizochovywa kwenye zinki, za 88 (fupi) na za 109 (ndefu), namba zikiwa ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Gharama yake na ya meli iingie kwenye hesabu kabla hujataja bei, siyo baada.

Kwetu sisi, kinachotisha kuliko chasisi ni ule ukuta wa chuma kati ya injini na kabini. Unashika milango, kioo cha mbele, usukani na pedali. Tazama sehemu za kuwekea miguu, pembe za juu chini ya kioo, na miguu ya nguzo za milango pale inapofungwa kwenye chasisi. Fungua mlango wa dereva uuinue kwa mkono. Ukicheza, tazama kinachocheza: kama ni bawaba, ni kitu kidogo, kama ni nguzo yenyewe, fundi bodi ana kazi ya wiki kadhaa. Na popote alumini inapogusana na chuma, alumini hugeuka unga mweupe. Usiufunike kwa puti. Unakata, unaweka kipande kipya, na katikati unaweka mpira au rangi nzito ili metali hizo mbili zisigusane.

Gari lililofanya kazi ya kubeba samaki pwani na lililozeekea Dodoma ni magari mawili tofauti hata kama yametoka kiwandani wiki moja. Kwa 109 ya pwani, fungua kiti cha mbele utazame chini, kwenye tangi la mafuta na chasisi inayolizunguka.

Beetle ina sakafu ya bati yenye uti katikati, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Mahali pa kwanza pa kutazama ni chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, betri inapokaa. Tindikali inayomwagika humo hula sakafu mpaka betri inabaki imeshikwa na zulia. Kipande hicho cha sakafu kinauzwa kikiwa tayari na si ghali. Ghali ni vizingiti, yale maboksi marefu chini ya milango ambayo pia hupitisha hewa ya joto kutoka kwenye injini. Vikioza, bodi inalegea na milango haifungi sawasawa. Na usisahau mbele: piga magoti utazame bati lililo nyuma ya ekseli ya mbele, pale uti wa gari unapoishia. Kule matope hukaa miaka, na kutu yake haionekani kwa aliyesimama.

Peugeot 504 haina chasisi ya kutenganisha; bodi yenyewe ndiyo chasisi. Hapa kiraka si cha sura, ni cha uhai. Fungua boneti uangalie juu ya mabawa ya ndani, pale shokomzoba za mbele zinapofungwa. Ukiona puti au bati limebandikwa kuzunguka bolti zile, kataa, hata kama gari linatembea. Kisha piga jeki chini ya kizingiti, pale pa jeki, gurudumu liondoke ardhini, ufungue na kufunga milango yote ya upande huo. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kugonga unakwambia kizingiti kimekwisha.

Vizingiti vya 504 vinatengenezeka kwa bati la milimita 1.2 kwa fundi mwenye mashine ya kukunja. Kosa linalorudiwa katika gereji nyingi ni kukata kizingiti kabla ya kufunga nafasi ya mlango. Chomelea kwanza bomba la mraba la milimita 25 kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, juu na chini, kisha kata. Asiyefanya hivyo gari linajikunja milimita chache, na milimita hizo hazirudi. Mradi wa 504 uliokatwa tayari vizingiti vyote viwili bila bomba ndani ni wa kuachia wengine. Kanuni hiyohiyo iko kwa Beetle: vizingiti vikatwe bodi ikiwa bado imefungwa kwenye sakafu yake.

Kwa upande wa kutu, basi, Land Rover inasamehe kuliko zote kwa sababu kila kitu kinafunguka kwa spana. Beetle inafuata. Peugeot inataka fundi wa kuchomelea unayemwamini.

Injini iliyolala

Kwanza hakikisha inazunguka. Toa plagi, mimina kila silinda kama vijiko viwili vya mchanganyiko wa oili ya gia otomatiki na dizeli, acha siku mbili au tatu, kisha zungusha kwa mkono. Usianze kwa stata: ringi iliyoshikana na silinda ikilazimishwa huvunjika, na kitu ambacho kingetatuliwa kwa uvumilivu kinakuwa kazi ya kufungua injini nzima.

Kwa Land Rover ya petroli, injini ya cc 2,286, kuna hendeli ya mbele ya kuzungushia injini, na hiyo ni zawadi kwa mnunuzi. Ikishalainika rudisha plagi, zungusha taratibu. Utahisi upinzani mara nne katika mizunguko miwili. Mmoja ukipita laini bila kubana, valvu imeungua au ringi zimekwisha. Injini hii ni ngumu kufa. Inatulia na nafasi ya valvu ya milimita 0.25 kwa zote nane, na mfuatano wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Kinachosumbua mara nyingi ni kabureta ya Zenith: kifuniko chake hupinda, kile kimpira cha mviringo cha ndani hakizibi tena, petroli inapita kwa wingi, na fundi anabadilisha plagi kila wiki bila kujua kwa nini zinakuwa nyeusi. Silinda zikichakaa zinachongwa, kwa hatua za inchi 0.010 mpaka 0.040. Ukikuta pistoni zimeandikwa 40, safari ya kuchonga imefika mwisho. Kinachofuata ni kuweka silivu, yaani bomba jipya ndani ya silinda.

Kwa gia boksi, fungua nati ya kumwagia oili. Unga wa kung'aa ni uzee wa kawaida. Kipande chenye ukingo mkali ni jino.

Dalili nyingine ya kuchunguza ni Land Rover iliyovalishwa injini ya dizeli ya Toyota au Isuzu. Wazo si baya, lakini bamba la kuunganishia injini na gia boksi likiwa limechongwa kwa macho, beringi ya shafti ya kuingilia haikai. Omba kuona bamba hilo, na omba kuona kama namba ya injini imebadilishwa kwenye kadi ya gari.

Beetle huna haja ya hendeli. Shika puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, ivute na kuisukuma, siyo kuizungusha. Mwendo wa kawaida ni milimita 0.07 hadi 0.13, ambao mkononi ni kama haupo. Ukisikia "tok" ya wazi, umevuka 0.15, na kifuko cha injini chenyewe kimeanza kuchakaa pale beringi inapokaa. Hapo mashine ya kuchonga inahitajika, na mashine ya aina hiyo si kila mji unayo. Kipimo hiki cha sekunde kumi ndicho kinachotenganisha Beetle ya bei nzuri na ile ya bei ya vipuri. Ukikiruka, usije ukalalamika.

Pistoni na silinda za Beetle zinauzwa kwa seti, unavua za zamani unavalisha mpya, hakuna kuchonga. Oili ni lita 2.5 tu na haina filta, bali chujio la waya, kwa hiyo kuibadilisha kila kilomita 5,000 si ushauri wa kwenye karatasi. Nafasi ya valvu milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, mfuatano wa kuwaka 1-4-3-2. Silinda namba 3 ndiyo hufa kwanza katika injini za zamani, kwa kuwa kipoza oili kimesimama kwenye njia ya hewa yake.

Kabla ya kuiwasha badilisha mipira yote ya petroli. Petroli inapita karibu na distribyuta, na kile kibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta hulegea na kuchomoka chenyewe. Beetle nyingi zilizoungua ziliungua hivyo. Klipu mbili, mpira mpya, na filta isiwekwe ndani ya chumba cha injini.

Peugeot ina silivu za chuma zinazochomoka, zinazogusana na maji moja kwa moja, na silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya alumini. Faida yake ni kubwa: seti ya silivu nne na pistoni zake inaingia bila kuchonga. Hatari yake ndiyo inayoua miradi. Hedi ikishatolewa, silivu zinashikiliwa na hewa tu. Mtu akizungusha krenki, pistoni inazinyanyua, sili za chini zinaachia, na hakuna kinachoonekana kwa macho. Injini inafungwa, inawaka, na baada ya siku tatu maji yamo kwenye oili. Sasa fikiria mradi wa 504 uliokaa miaka minne hedi ikiwa kwenye boksi, na watoto wa gereji wamecheza na feni. Chukulia kwamba sili zote za chini zimekwisha, na uzibadilishe hata kama muuzaji anaapa. Ukifungua mwenyewe, funga kila silivu kwa bolti na washa pana mara tu hedi inapotoka.

Kwa 504 iliyo nzima, legeza nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, injini ikiwa imelala usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini na hutoka kwanza. Matone mawili ya maji safi ni jasho la injini iliyokaa. Kijiko kizima ni silivu au gasketi. Nafasi ya valvu zake: za kuingiza milimita 0.10, za kutolea 0.25.

Yaliyomo kwenye maboksi

Ukiwa umekusudia kununua lililofunguliwa, usihesabu maboksi, hesabu vitu, na kila gari lina orodha yake.

Kwa Beetle ni mabati ya injini. Siyo lile kubwa la feni, hilo hakuna anayelitupa. Ni yale madogo: ya kukaa chini katikati ya silinda, ya kuzunguka puli, bati la nyuma ya injini, na mpira unaoziba pembezoni mwa chumba. Fundi asiyeifahamu injini hii huyaona kama takataka. Bila hayo, hewa ya moto ya chini inarudi kwenye feni, na hewa baridi inatoroka kabla ya kupoza tumbo la silinda. Injini mpya inakwisha mlima wa kwanza. Pili, hesabu meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalozungushwa na stata. Ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina 130. Miradi iliyokusanywa kutoka magari mawili huwa na stata ya huku na flaiwili ya kule, na hilo hugundulika siku ya kuwasha.

Kwa Land Rover, kitu kinachokosekana karibu daima kinapatikana, ama kipya ama kwenye gari lililolala. Vifaa vingi vya 88 na 109 vinaingiliana, lakini dramu za breki haziingiliani: za 88 ni inchi 10, za 109 ni inchi 11. Pitisha ukucha juu ya ile mipira ya chuma ya ekseli ya mbele. Vishimo vikikwaruza ukucha, sili mpya haitazuia oili hata ukiibadilisha mara tano.

Peugeot inageuza hesabu. Stesheni wagoni na pikapu za 504 ziliendelea kuunganishwa Kenya mpaka miaka ya 2000, kwa hiyo vipuri vya injini, breki na usukani mafundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, wanavijua kwa macho. Shida ni vya sura: taa za mbele zenye umbo lake lile, fremu za kromu, raba za vioo, dashibodi isiyopasuka. Saluni iliyovuliwa vitu hivyo ni bora uiache. Iliyo navyo lakini injini imekufa ni ya kuchangamkia. Na hamu ya gari hili haijaisha: 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978.

Kuleta gari jingine kutoka nje ili likatwe vipuri si njia ya kutegemea. Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na Tanzania inatoza ushuru wa uchakavu. Gari la kuchangia vipuri litafute hapahapa, na ulipate kabla ya kuanza kufungua lako.

Karatasi

Nenda na kitambaa, brashi ya waya na chaki. Safisha namba ya chasisi, paka chaki, soma tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi ya TRA (Tanzania) au logbook ya NTSA (Kenya). Magari ya chini ya mwembe mara nyingi yako kwa jina la marehemu. Sahihi ya mtoto wake mkubwa haitoshi. Anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Subiri hati hiyo kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Gari likishatengenezwa na kupendeza, warithi huongezeka.

Uchague lipi?

Kama una uwanja, spana na jirani wa kukusaidia kunyanyua, lakini huna fundi wa kuchomelea wa uhakika, chukua Land Rover. Hata iliyofunguliwa inakubalika, mradi ukuta wa mbele uwe mzima na chasisi iwe na namba inayosomeka. Ndilo gari pekee kati ya haya matatu ambalo tungelinunua likiwa kwenye maboksi bila kusita sana.

Kama nafasi ni banda la gari moja na fedha inatoka kidogo kidogo kila mwezi, Beetle inafaa zaidi. Injini inatoka kwa bolti nne kuu na jeki ya kawaida, na watu wawili wanaibeba. Iwe nzima, au iliyofunguliwa na mabati yake yote.

Peugeot 504 inunuliwe nzima tu, iwe ya bara, ikiwa na vioo na taa zake. Injini iliyoshikana isikuogopeshe, itumie kushusha bei. Ukiletewa nusu gari na maboksi kumi na moja, omba uuziwe injini na gia boksi peke yake, uviweke kwa ajili ya nzima utakayoipata.

Lolote utakalochagua, gari lisiondoke uani kwa muuzaji kabla halijasimama juu ya magurudumu manne yanayozunguka. Kubadilisha silinda za breki za magurudumu zilizoganda na kufunga ekseli ni kazi ya siku moja pale lilipo. Kulipakia gari lisilozunguka kwenye lori ni watu kumi, na ndipo milango ya Land Rover inapopondwa na vizingiti vya 504 vinapovunjika.